Gemu ya Kuvua Samaki

Gatwekera, 3 Februari 2008

Mume wangu Muia,

Mungu ni mwema. Mama yako ninayemuuguza ameanza kutembea, na unga tumepewa kanisani. Nashukuru ulikimbilia Kawangware na mashine ya gemu kabla haijaporwa kwenye fujo hizi za uchaguzi.

Gemu zote za yule Kobe, shujaa wa kwenye skrini, tumecheza mimi na wewe: ya kwanza ya kuruka, ya magari, ya mpira, hata ile mbovu ya kupika. Tulibakisha ya kuvua samaki, tukaahidiana. Sasa unaandika umeimaliza na Tabby, mwenye ploti aliyekupa chumba, eti “huyu mama ako fiti.”

Nimeombea huu wivu unitoke. Umekataa kunitoka.

Mshukuru kwa chumba. Jumapili ijayo baada ya ibada tunakuja huko Kabiro, Kawangware, kwa miguu, mimi na mama yako, tuhamie humo.

Mkeo mbele za Mungu,
Mwongeli