Bibi, Mama Hataki Kumeza Mtama Wako

Bibi yangu,

Shikamoo. Naandika nikijua kwamba marahaba yako sitaisikia, lakini mama alinifundisha kuwa mkubwa huamkiwa kwanza, mengine yafuate. Nimemaliza kidato cha nne. Bado ni yule yule uliyemtania kwamba akitumwa chumvi anarudi na sukari, maana ameona haya kumwambia muuzaji amekosea. Mdomo wangu mzito, mkono una nafuu. Barua hii nimeiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu naamini nyumba nyingi hapa Kibaoni zina kopo kama lako.

Kopo lako nalikumbuka kuliko hata ile picha yako iliyopo ukutani. Lilikuwa la mafuta ya mgando, limeoshwa vizuri, na ndani mlikuwa na vidonge vyako vya kiungulia. Siku moja ulipasua ganda la kimoja kwa kucha ili uone wanachokulisha. Zikamwagika kiganjani chembe ndogo nyeupe, ukacheka mpaka ukakohoa. "Mke mwenzangu," ukaniita kwa utani wako wa kila siku, "njoo uone! Kumbe miaka yote hii nalishwa mtama wa vifaranga!" Tangu hapo hakuna aliyeviita dawa nyumbani kwetu. Viliitwa mtama wa Bibi.

Msimu wa mpunga tukihamia bondeni kuamia ndege wasiumalize, kopo lilining'inia kwenye nguzo ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, juu ya mkeka wako. Mchana kutwa ulikaa hapo juu na kombeo, ukiwatukana ndege kama watu mnaodaiana nao maneno. "Nendeni kwa Wasukuma, huko nako kuna mpunga!" Na jirani yetu Msukuma akajibu kutoka shambani kwake, "Bibi, mpunga wangu una ng'ombe wa kuulinda, wewe una mdomo tu!" Mlipendana sana nyie wawili.

Jioni ulikula wa mwisho. Ulitupakulia sisi kwanza, ukahakikisha sahani zetu zimejaa, ndipo ukachukua sufuria yenyewe, na wali wa chini na mchuzi wa kambale uliobaki. Ukishiba ulininyooshea mkono: "Niletee mtama wangu." Ukameza kwa maji, ukajilaza chali pale pale. Mara moja nilikuuliza kwa nini usimeze mapema, kifua kisikuunguze wakati wa kula. Ulinishangaa. "Dawa kwenye tumbo tupu ni moto kwenye nyasi kavu. Shibe kwanza, dawa baadaye. Hata mama yako anajua." Mama akaitikia kwa kichwa. Sote tulijua hivyo.

Halafu ukateleza kwenye ngazi ya dungu. Hukuanguka kutoka juu, yalibaki madaraja ya chini tu, na bado nyonga ikavunjika. Ulilala kitandani, mama akikugeuza ubavu huu na huu, mpaka ulipotuacha. Msibani, tukiwa tunaosha vyombo, Mama Mkubwa aliyekuja kutoka Kiberege alisema mbele ya wote: "Ni vile vidonge. Vimemla mama mifupa kama mchwa. Mtu atamezaje kitu miaka nenda miaka rudi kisimdhuru?" Mama alikuwa ameshika sinia. Alilisugua sinia lile mpaka nikamwondolea mkononi.

Nakuandikia, Bibi, kwa sababu sasa kifua kinachounguza ni cha mama.

Kilianza kama chako. Kiungulia akila, kiungulia akiinama kupalilia, maji machungu yakimpanda kooni akilala. Alitafuna mchele mbichi. Alikoroga magadi kwenye maji. Baadaye chakula kikaanza kumkwama. Tonge la ugali lilisimama kifuani, naye anashika meza, macho yanamtoka, mpaka lishuke au lirudi. Tulimpeleka hospitali, wakampitisha kamera kooni, wakaona umio wake, yaani njia ya chakula, umechubuka na una vidonda. Wakamwandikia dawa na kumwambia ataitumia kwa muda mrefu. Tulipofika nyumbani akafungua pakiti, akakitoa kidonge kimoja, akakiangalia. Ulikuwa mtama wako.

Alivimeza siku chache, akapata nafuu, kisha akaviacha ghafla. Kiungulia kikamrudia kwa nguvu kuliko mwanzo, naye akasema ndiyo dalili kwamba dawa yenyewe ni mbaya, inamfanya mtumwa. Nikamwambia, "Mama, jaribu tena." Akanijibu, "Umesahau nyonga ya bibi yako?" Sikusahau. Nilimwona anakonda, na nilikumbuka ulivyolala pale kitandani, nami sikujua niogope kipi zaidi.

Siku ya kurudi kliniki nilimsindikiza. Njiani kutoka Kibaoni nililipanga swali kichwani kama ninayekwenda kusoma risala. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya polepole, alimuuliza mama kama anatumia dawa. Mama akasema, "Natumia." Bibi, nilihisi masikio yangu yanawaka. Kumbishia mama mbele ya mgeni! Lakini nilimwona akimeza mate kwa shida, nikasikia sauti yangu inasema, "Hatumii. Anaogopa. Bibi yangu alizitumia miaka mingi akavunjika nyonga. Tunaomba kujua kama ni dawa ndiyo iliyomvunja."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilidhani atatugombeza. Akasema, "Umeuliza vizuri. Jibu lake siyo ndiyo, wala siyo hapana." Alituambia kwamba kwa wanaozitumia miaka mingi, hasa wazee, kuvunjika mifupa kumeonekana kuwa kwingi kidogo, ila wengi wao wana udhaifu mwingine, na ni vigumu kujua ni dawa au ni uzee na magonjwa waliyokuwa nayo. Kwamba zinaweza pia kupunguza vitamini na madini fulani mwilini, na kufanya wadudu wa kuharisha wapite tumboni kwa urahisi. Hakuficha. Halafu akamgeukia mama.

"Sasa tuweke upande wa pili. Kidonda hiki kikiachwa, njia inazidi kusinyaa. Inaweza kutoa damu. Mara chache, baada ya miaka, kinageuka kuwa kitu kibaya zaidi. Hatari ya dawa ni ndogo na tunaweza kuichunga. Hatari ya kidonda ninaiona kwa macho, hii hapa. Mama yako mzazi alipimwa kabla ya kuanza kutumia?"

Mama akatikisa kichwa. Mtama wako ulinunuliwa dukani tu, Bibi, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyewahi kuuliza kama bado unauhitaji.

"Basi hapo ndipo penye tofauti," daktari akasema. "Wewe tunajua kwa nini unameza. Vidonda vikipona tutashusha dozi hadi ile ndogo inayotosha, na kila ukija tutaulizana tena kama bado ina sababu. Ila usiache ghafla tena. Tumbo lililozuiwa asidi, ukilifungulia mara moja linamwaga kwa hasira. Unameza saa ngapi?"

"Nikishashiba," mama akasema.

Daktari akatabasamu. "Hata mama yangu mimi. Hii inatangulia chakula, kama nusu saa hivi. Inatakiwa ikute tumbo halijaanza kazi. Na ukila, usilale mpaka chakula kishuke."

Nilikuona, Bibi, palepale kwenye kile kiti cha kliniki. Sufuria mapajani, shibe kwanza, dawa baadaye, halafu chali kwenye mkeka. Miaka yote ile kifua kilikuunguza, tukidhani mtama haukutoshi.

Tukirudi, mama alitangulia hatua kadhaa mbele yangu. Nilifikiri mama amenikasirikia kwa kumuumbua. Kesho yake tulikwenda shambani, maana mpunga umeshaanza kuweka punje na ndege hawangoji mgonjwa. Tukiwa juu ya dungu, akaanza mwenyewe, bila kunitazama.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia. Kopo likikaribia kwisha nilikimbia dukani kabla hajaomba. Nilijiona mtoto mwema. Mama Mkubwa aliposema vile msibani, ilikuwa ni kuniambia mimi."

Sikujua hilo, Bibi. Nilidhani mama anaogopa mifupa yake. Kumbe kila akikiona kile kidonge anauona mkono wake mwenyewe ukikupa wewe.

Sikuwa na maneno ya kikubwa. Nilimwambia, "Daktari amesema hajui kama ni dawa. Na Bibi alikuwa anafurahi ukimletea." Akasema, "Sitajua kamwe." Nikamwambia, "Hutajua. Lakini chakula kinakukwama leo."

Nilimmiminia maji kwenye kikombe chako cha bati. Nikakitoa kidonge, nikakiweka kiganjani mwangu, nikamnyooshea. Na hapo ndipo uzito uliponiangukia. Kama miaka ijayo mama atateleza kwenye ngazi hii, mkono uliompa utakuwa wangu. Nilitaka kuurudisha. Sikuurudisha, maana nilijua kwa nini ninampa, na nitaendelea kuuliza kila kliniki, hata kama sauti itatetemeka.

Mama alikichukua. Akameza. Akausogeza wali pembeni, akavuta kombeo, akakaa wima kungoja. Jirani yetu yule Msukuma akatutania kabila letu kutoka shambani kwake, "Nyie Wandamba, leo kuna nini, chakula kinawatazama?"

"Leo kinangoja zamu yake!" mama akajibu, kwa sauti yako kabisa.

Alipokula, tonge lilishuka polepole, nami nikahesabu pumzi zake bila yeye kujua. Halafu akaninyooshea kikombe kitupu. "Kesho uniletee tena kabla sijasahau, mtama wangu."

Alisema wangu, Bibi. Nimelitundika kopo lako kwenye nguzo ileile. Lala salama, na ukiweza, mshikie mama ngazi.

Ni mimi,
mke mwenzako mdogo