Sita Imeingia, Sita Imetoka

Shamba la Keskitalo,
Njia ya Mierezi,
Rasi ya Juu, Michigan.

31 Desemba 2018, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Tauno,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Hujambo? Wifi yangu Marisol hajambo? Na binti yenu Inez, yale meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kama bibi kizee? Mgongo wako je, bado unakuuma ukitoka zamu huko mgodini? Ukiuma usijifanye dume, lala chini.

Mimi ni mzima, ukiacha vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyowahi kuganda na ambavyo kila Desemba vinanidai fidia. Baba naye yupo. Nitamfikia.

Najua barua hii umeigeuzageuza mezani kabla ya kuifungua. Ningepiga simu, lakini kila nikimtaja Baba unakata, na karatasi haina pa kukatia. Nakuomba uisome hadi mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Habari za hapa ni theluji. Imefika kiunoni nyuma ya banda, na paa la sauna, kile kibanda chetu cha mvuke, nimelipakua mara tatu wiki hii. Mbwa wetu Musti alikufa Oktoba, kwa uzee tu, amelala mlangoni. Kanisani wamebadilisha kahawa, na watu wameipigania kahawa hiyo kuliko walivyowahi kupigania mahubiri.

Sasa nikwambie kilichonikalisha hapa mezani.

Alhamisi iliyopita niliangusha kulungu. Bunduki zimenyamaza tangu Novemba, na hizi ndizo wiki za watu wa pinde, unajua mwenyewe. Kulungu wamejazana kwenye mierezi ya kinamasini kwa sababu huko ndiko theluji si nyingi na kuna cha kutafuna. Nilikaa muda wa saa tatu chini ya mti uliolala. Akaja jike zee, anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nikamwacha afike hatua kumi na saba, nikavuta. Upote wa upinde ulilia kwa baridi na yeye alisikia, lakini akawa amechelewa.

Nilisubiri nusu saa kama tulivyofundishwa, nisimkurupushe akaenda kufia mbali. Baba akaja na viatu vyake vya theluji, vile vipana kama nyungo, akaitazama damu, akanitazama na mimi.

“Umemuua au umemwomba radhi?” akasema. “Maana uso wako si wa mtu aliyepata nyama.”

Tulicheka, Tauno. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba mpaka Alhamisi jioni tulikuwa baba na mtoto tunaocheka.

Ijumaa nilikuwa bandani namchuna. Nilipofika kwenye bega la kushoto, kisu kikagonga chuma. Nikadhani ni risasi ya zamani ya mtu asiyejua kulenga. Nikaanza kuchokoa, na Baba yuko nyuma yangu amekalia ndoo, ananoa kisu kingine.

“We Saimi, unachuna au unachimba kisima?”

Nikazidi kuchokoa. Nyama ya pale ilikuwa imeota kitu kigumu cheupe, kinene kama ngozi ya kisigino, na ndani yake kulikuwa na kigumba cha mshale pamoja na kijiti kifupi kilichooza. Kigumba kilichochongwa kwa chuma cha msumeno. Nikakifuta kwa aproni. Shingoni kilikuwa na mikwaruzo miwili ya tupa, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Unajua ni nani peke yake alikuwa akitia alama ile. Nilikuwa nakucheka, nakuuliza kama unaogopa kulungu watakuibia.

Tauno, ulisema kweli. Miaka mitano iliyopita ulitoka msituni na mishale mitano, ukasema umempiga jike begani, juu mno, akaondoka na mshale na theluji ikafuta damu. Ulisema hivyo mara moja, hukurudia. Na kesho yake jirani yetu Reino Kallio akakutwa kwenye mierezi ile ile, ametobolewa paja, damu yote imeisha, na mshale uliomtoboa haupo. Polisi wakasema ni ajali isiyo na mwenyewe. Watu wakasema mwenyewe anajulikana. Hapa kijijini lisemwalo lipo, na hata lisipokuwepo wanalipikia chai likae. Mwezi wa tatu ukaondoka, nami nilisimama dirishani nikikutazama unapakia gari na sikutoka nje. Naona aibu mpaka leo. Naomba unisamehe kabla sijaendelea, kwa sababu kilichobaki ni kibaya zaidi.

Unakumbuka sheria ya Baba. Kabla ya kuingia msituni, kila mtu anapanga mishale yake kwenye ubao wa nyuma wa pikapu na Baba anahesabu. Tukitoka, anahesabu tena. “Sita imeingia, sita imetoka, au mnieleze.” Tangu tuko wadogo, tukiwa na mishale butu ya kupigia magunia. Mshale uliopotea porini unaua mbwa, unatoboa tairi, unakata mguu wa mtu wakati wa kuchuma matunda, ndivyo alivyotufundisha, na alikuwa sahihi.

Lakini nani alikuwa akihesabu ya Baba?

Swali hilo lilinijia pale pale bandani, mikono yangu ikiwa na damu. Afisa wa polisi alipokuja siku ile, alimuuliza Baba kuhusu mishale yetu, naye akajibu amesimama wima: “Mimi sita, Saimi sita, Tauno mitano.” Basi. Yakaandikwa. Nani angemuuliza mwenye kuhesabu?

Na mimi, Tauno, nina la kwangu. Wiki iliyofuata, wakati kanisa zima linakunyooshea vidole, Baba aliniletea mti mpya wa mshale akasema, “Nifungie manyoya kwenye huu. Wangu mmoja umepasuka kwa baridi.” Nikaufunga. Manyoya meupe, uzi mwekundu, nakunywa kahawa na mkate wa iliki. Nilifunga mshale wa sita wa Baba kwa mikono yangu hii na sikujiuliza lolote. Aprili, theluji ilipoanza kulainika, akawa anatoka kila siku kwenda kuokota pembe ambazo kulungu wameziangusha. Wiki tatu. Hakurudi na pembe hata moja, nami nikasema moyoni kwamba mzee anazeeka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nazifua nguo hizo.

Basi Ijumaa alikichukua kigumba mkononi mwangu. Alikitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ile mikwaruzo. Akanirudishia.

“Kakitupe kwenye jiko la sauna,” akasema.

“Chuma hakiungui, Baba.”

“Sikukuuliza kama kinaungua.”

Nikaenda. Badala yake nilitupa nati kubwa ya trekta, ikalia ndani ya jiko, naye akausikia mlio huo kutoka mlangoni. Kigumba chako kimo ndani ya bahasha hii, nimekizungushia kitambaa. Usimpe Inez achezee, bado kinakata.

Tangu hapo hajala nyama ya jike yule. Anakula viazi na samaki wa chumvi. Jumamosi alinifungia steki zote mbili za mgongoni kwenye karatasi safi, akaniagiza nimpelekee Lempi, mjane wa Reino. Nilifikiri sikusikia vizuri. Lempi akafungua mlango nusu, akaipima ile karatasi mkononi.

“Miaka mitano baba yako akiniona anavuka barabara,” akasema. “Leo ananiletea steki. Kafanya nini?”

Nikamwambia sijui. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mwanamke yule, na sikuupenda.

Jana tulipotoka kanisani Baba alipaka nta pinde zote mbili, wake na wangu. Akanionyesha funguo za ghala ziko wapi, kana kwamba sizijui. Akalipa bili ya mafuta ya kupashia nyumba hadi Mei. Kisha akasema kesho, yaani leo, tutaingia kwenye mierezi, mimi na yeye, mahali alipokutwa Reino. Nikamuuliza kuna kulungu gani pale wa kutuvusha theluji yote ile.

“Kuna kitu nataka ukione kabla msimu haujafungwa.”

“Kitu gani?”

“Vaa soksi mbili,” akasema, akaenda kulala.

Naogopa, mdogo wangu. Nakwambia hivi hivi bila kuzungusha. Huenda anataka kukiri, na mtu kama Baba hawezi kukiri akiwa amekaa kwenye kiti. Huenda anataka kwenda kuilalia theluji asiamke, na hataki kuwa peke yake wakati wa kuanza. Na kuna dhana ya tatu, ambayo siwezi kuiandika juu ya mtu aliyenifundisha kushika upinde. Itakuwa umeifikia mwenyewe.

Utasema nisiende. Marisol naye atasema nisiende, mwambie namshukuru. Lakini nisipokwenda atakwenda peke yake, na akienda peke yake jina lako litabaki lilipo, kwa sababu kigumba kinaonyesha kwamba mshale wako uliingia kwa kulungu, hakionyeshi nani alimtoboa Reino. Hilo analo yeye tu. Ana miaka sabini na sita na moyo wake daktari ameusikiliza mara mbili akanyamaza. Nikilikosa leo, sitalipata tena, na wewe utaendelea kuwa mtu wa kulaumiwa mezani kwa watu hadi Inez awe na wajukuu.

Nimempigia Lempi asubuhi hii. Nimemwambia tunakokwenda, na kwamba akiona pikapu yetu haijapita kurudi kabla ya giza, awaite polisi na wala asije mwenyewe. Hakuniuliza sababu. Alisema ataketi dirishani.

Nisalimie Marisol sana, na umwambie ule mchuzi wake wa pilipili ulifika salama na Baba aliula kimya kimya huku machozi yanamtoka. Mbusu Inez kwenye kila pengo. Shangazi Hilja anakusalimu, kila mwezi ananiuliza kama umenenepa. Lempi hakusema nikusalimu, lakini nilipokutaja hakubadilisha mazungumzo, na mimi hiyo naihesabu.

Mungu akuweke, akulindie mikono na mgongo, na akufungulie njia ya kurudi nyumbani kichwa kikiwa juu. Kitanda chako nimekitandika. Nimekitandika tangu Ijumaa.

Ni mimi dada yako, niliyechelewa kukuamini lakini sijawahi kuacha kukupenda,

Saimi.

Tauno, nimeifungua tena bahasha. Naandika juu ya boneti ya gari, mbele ya sanduku la posta, uniwie radhi kwa mwandiko.

Nilipanga mishale yangu kwenye ubao wa nyuma, kama kawaida, Baba akahesabu sita. Alipoanza kuirudisha kwenye podo langu nikamwambia, “Na yako, Baba.”

Hakugeuka. “Umechelewa sana kuuliza, Saimi,” akasema.

Kisha akaitoa kwenye podo mmoja mmoja, akailaza. Sita, manyoya meupe. Nikadhani amemaliza. Akafungua vifungo vya koti, akaingiza mkono hadi kwapani, akatoa mwingine na kuulaza pembeni ya ile sita. Mti wake umekuwa mweusi nusu yake ya mbele. Manyoya yameliwa na panya, lakini uzi ni mwekundu na fundo ni langu, lile la zamani, kabla vidole vyangu havijaganda.

Ameirudisha yote, sita kwenye podo na mmoja kifuani, na sasa ameketi garini ananisubiri, injini inanguruma. Hanitazami. Mtu wa posta atapita hapa baada ya robo saa na bendera ya sanduku nimeipandisha ajue kuna barua.

Yangu imeingia sita. Yake imeingia saba. Nimehesabu mwenyewe, mchana kweupe, na sasa wewe pia unajua. Ukisikia imetoka idadi nyingine, anza kuuliza hapo.