Magunia Uliyoyafua

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote wawili, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anasema ile sufuria yako kubwa bado anayo, hajaigawa kwa mtu, ukiitaka uje uichukue kwa mkono wako. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio sina, na hilo nitalifikia.

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu. Mimi na kuandika wapi na wapi, mtu ambaye hata orodha ya misumari humwandikisha mke wake? Lakini wiki hii nimekupigia simu mara nne. Mara zote umepokea, tumeongea habari za mvua na za watoto, nikaaga. Kila nikifika kwenye jambo lenyewe ulimi unakuwa mzito. Kwenye karatasi angalau sitakusikia ukinyamaza.

Nianze na sanamu ya Baba. Ilichukuliwa Jumatatu. Walikuja watu sita wamevaa glavu, wakaizungushia mablanketi, wakaibeba kama mgonjwa. Nilijizuia kucheka, maana mimi na Baba tulikuwa tukiisukuma kwa mguu. Sasa imesimama kwenye chumba kikubwa cha jumba la makumbusho, peke yake, juu ya ubao mweupe, na kuna kamba ya kuzuia watu wasiishike. Baba angeikata kamba ile siku ya kwanza.

Unaikumbuka ilivyo. Mwanamke mrefu kama mlango, hana macho wala mdomo, shingo imerefuka kuliko shingo ya mtu yeyote, mikono imeshikana na mwili hata hujui kiganja kinaishia wapi na nyonga inaanzia wapi. Majirani walimcheka sana Baba. Walisema fundi wa milango na vitanda amezeeka, amesahau kuweka uso, na yule seremala wa ng'ambo ya barabara alimuuliza kama uso utaletwa na lori. Baba alimjibu kwamba uso wa mtu unaweza kudanganya, bega haliwezi. Bega la kushoto la sanamu ile limeshuka. Wewe na mimi hatukuhitaji kuambiwa ni la nani. Mama alikuwa dobi, na alibeba beseni la nguo upande ule miaka thelathini.

Halafu kuna ule ufa, kutoka kooni hadi kitovuni. Baada ya wewe kuondoka Baba aliutanua kwa patasi, kidogo kidogo, karibu mwaka mzima, mpaka mkono wa mtu ukaweza kupenya. Ndipo hapo wageni wote waliokuja karakana walipokuwa wakisimama. Waliingia wakizungumza, wakifika kwenye ufa wanainama kuchungulia.

Mwanamke anayetunza vitu vya mbao pale jumbani, sisi tunamwita Bi Kurunzi kwa sababu haachi tochi yake hata mezani, aliniomba nikualike siku ya ufunguzi, Jumamosi ya wiki ijayo. Ulinijibu kwa ujumbe wa simu, na sijaufuta. Ulisema huwezi kwenda kusimama mbele za watu mbele ya kitu ulichokiharibu wewe mwenyewe, na kwamba Baba alikuwa mpole tu kukusamehe. Dada, ujumbe ule ndio ulioninyima usingizi.

Niruhusu nikurudishe kwenye wiki ile ya miaka sita iliyopita, ingawa unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuja kwa siku saba, na kama kawaida yako ulianza na ufagio. Baba alikuwa akikuita Bi Fagio na akificha patasi zake chini ya mto, akisema ukizipata utazianika kwenye kamba. Sanamu ilikuwa imekwisha kuchongwa, imefungwa magunia yenye maji. Mti ulikuwa bado mbichi ndani, na mti mbichi ukikauka haraka hupasuka. Kwa hiyo magunia yalimwagiwa maji kila asubuhi, na kila baada ya wiki mbili Baba aliondoa moja, ili mti uzoee hewa polepole. Alisema bado miezi miwili.

Jumatatu ukasema magunia yananuka kama soksi za mlinzi. Ukayafua yote, ukayarudisha. Jumanne ukampeleka Baba kwa daktari wa macho, mkashinda huko. Mliporudi jioni Baba alikwenda moja kwa moja kwenye sanamu, akafungua magunia, akaukuta ufa. Aliuliza nani aligusa. Mimi nikasema, "Dada aliyafua jana. Labda aliyarudisha yamekauka."

Nakuona mpaka leo ulivyosimama na mkoba wako begani. Ulianza kusema unakumbuka uliyalowesha vizuri. Kisha ukasema labda si yote. Kisha ukasema hukumbuki. Ndani ya dakika moja nilikuona ukiiacha kumbukumbu yako mwenyewe na kuichukua yangu, ukapiga magoti kumwomba Baba radhi. Alikuinua, akasema mti ni mti, mwanangu. Kesho yake asubuhi ukaondoka, zikiwa zimebaki siku tatu, ukasema watoto wanakuhitaji. Hukurudi tena mpaka siku ya kumzika, na siku hiyo ulikaa uani mpaka mwisho, karakana hukuingia.

Sasa nikueleze la juzi. Bi Kurunzi aliniita nimsaidie kuandika maelezo ya kibandiko kitakachowekwa ukutani. Akaniuliza ufa ulitokeaje. Nikampa hadithi tuliyoizoea, kwamba magunia yalikauka kwa bahati mbaya. Akawasha tochi yake, akapiga goti, akamulika nyayo za sanamu, kisha akapanda kwenye kiti akamulika kichwa. Alisema magunia yakikauka, mti huanza kupasuka kwenye ncha zake, juu na chini, maana ndiko unakovuja unyevu kwanza. Huu ncha zake ni nzima. Umepasuka kifuani tu, upande mmoja, mstari mrefu. Akasema mti huu ulilazwa chali juani.

Nadhani umekwisha kuelewa, dada, lakini si haki nikuache umalizie mwenyewe. Niliulaza mimi.

Jumanne ile mlipoondoka tu, nilivua magunia, nikaiviringisha sanamu mpaka uani, nikailaza chali juu ya saruji. Maonyesho ya mafundi yalikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimekwisha kumwahidi mwandaaji, bila Baba kujua, kwamba tutaileta imepigwa vanishi, na vanishi ikipakwa kwenye mti wenye maji huota ukungu mweupe. Nilitaka ikauke siku moja. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa msasa, mpaka jina nikapewa hilo, Baba anachonga na mimi nalainisha, na watu wakija wanamsifu aliyechonga. Nilitaka mara moja tu niseme kazi hii nimeileta mimi. Saa nane nilikuwa ndani nakunywa chai nikasikia mlio mmoja, kama ubao wa kitanda unaovunjika. Nilijua kabla sijatoka. Nikairudisha mahali pake, nikaifunga magunia, nikayamwagia maji. Mliponikuta nilikuwa nafagia, mimi ambaye sijawahi kufagia.

Nilisema labda. Kwa miaka sita nimejificha nyuma ya neno hilo. Nilijiambia sikukushtaki, nilikisia tu, na wewe ndiye uliyekubali. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu wewe ulinibebea mzigo.

Nilipotoka kwa Bi Kurunzi nilikaa kwenye kituo cha basi, mabasi matatu yakapita. Kama mwanamke yule aliyaona hayo kwa tochi, Baba aliyechonga miti miaka hamsini aliyaona kwa kidole. Nikakumbuka jioni ile alivyopitisha gumba lake kooni hadi kitovuni, kisha akashika kichwa cha sanamu, kisha nyayo, polepole, na wewe bado umesimama pale unafuta machozi. Ndipo akaniuliza jua la leo lilikuwaje huku. Nikasema la kawaida. Akasema haya. Nilidhani mzee anatafuta la kuzungumza.

Alijua, dada. Alijua tangu jioni ile, akaningoja. Mwaka ule wote alipokuwa akiutanua ufa aliniita kila mara nimshikie sanamu, na mara kwa mara alikuwa akiniuliza, mikono yake ikiwa ndani, kama sina la kumwambia. Nilimwambia patasi inahitaji kunolewa. Nilimwambia mbao zimepanda bei. Alipomaliza nilikuja na msasa wangu nilainishe na ndani, akanishika mkono. Akasema, "Hapo acha. Hapo pana mwenyewe." Kwa hiyo sanamu nzima inang'aa, ila ndani ya ufa mna makwaruzo mpaka leo. Kwa nini hakukwambia wewe palepale, sijui. Kwa hilo nina kinyongo naye kidogo, Mungu anisamehe. Nadhani alitaka nilitoe kinywani mwangu mwenyewe, na hakudhani mwanawe angeweza kunyamaza muda mrefu kiasi kile.

Natamani niishie hapa. Lakini hilo la jua ndilo dogo.

Unajua masikio ya Baba nayo yalikuja kufuata macho, simu akawa haisikii, habari zote za kwako zikawa zinapitia kwangu. Wiki tatu kabla hajafa, pale wodini, aliacha kuningoja. Alinishika mkono akanipa salamu za kukufikishia, akanifanya nizirudie neno kwa neno kama mtoto anayetumwa dukani. Nikazirudia. Jioni ile ile ulipiga simu. Uliuliza anaendeleaje, nikasema anaendelea. Halafu ukaniuliza kwa sauti ndogo kama Baba ametaka uje. Nilikuwa nimesimama kwenye korido mlangoni pake, namwona miguu. Nikikufikishia salamu zile ungejua ni nani aliyeupasua mti. Nikasema hapana, amesema usijisumbue.

Ukasema sawa. Ulisema sawa, kaka, mwambie nampenda. Na hilo nalo sikumwambia, maana angeniuliza kama unakuja. Aliuangalia mlango ule wiki tatu, na kila ulipofunguka alikuwa anataja jina lako, hata akiwa ni muuguzi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nikiuomba utanipa, nakujua, na sitaki kuchukua kitu kingine kutoka kwako kwa urahisi. Nimekwisha kumwambia wifi yako. Tangu jana hajazungumza nami, na chakula ananiwekea kama mpangaji. Bi Kurunzi nimemwambia pia, na kibandiko kitaandikwa kwamba mti ulipasuliwa na jua kwa kosa la mwana wa mchongaji. Ukija Jumamosi utakisoma, na kila mtu atakisoma. Bi Kurunzi amekubali kukuondolea ile kamba. Ingiza mkono ndani ya ufa, uguse alipokataa nisilainishe. Kama hutaki kuniona, mwambie shemeji anijulishe, nami siku hiyo nitabaki karakana.

Sina zaidi ila salamu. Wifi yako anakusalimu, maana aliyenuniwa ni mimi, si wewe. Watoto wanakusalimu, mkubwa amekupita kimo. Seremala wa ng'ambo anakusalimu pia, siku hizi anawaambia watu kwamba yeye aliielewa sanamu tangu mwanzo.

Na Baba anakusalimu. Nimezichelewesha miaka miwili, ila nazikumbuka zote, alinifanya nizirudie. Amesema: "Mwambie dada yako mti haukupasuka kwa magunia yake. Aliyalowesha vizuri, niliyashika mwenyewe asubuhi ile kabla hatujatoka. Aje akae nami, asichelewe."

Mdogo wako,
Msasa