Meza ya Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 8 Desemba

Saa kumi jioni na Mama ameshaanza kusonga ugali. Ni hivyo kila siku tangu aje Doha na binti yangu Neema, shule zilipofungwa. Kumi na moja kasorobo wanakula jikoni, wawili tu. Kumi na moja na nusu Mama anajifunga leso na kushuka kwa Grace, rafiki yangu wa kanisani aliye ghorofa ya chini. Huko ndiko anakolala. Saa kumi na mbili mume wangu Wafula anarudi kutoka kazini na kukuta chakula kimefunikwa.

Kwetu Bungoma mama na mume wa bintiye hawali pamoja. Hawapeani mikono. Hawalali chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima. Miaka kumi ya ndoa na Wafula hajawahi kumwona Mama akitafuna. Wiki tatu sasa wako jengo moja hapa Al Thumama na wanapishana kama walinzi wa shifti. Ratiba ni mimi.

Leo nimetangazwa mfanyakazi bora. Hoteli nzima pale West Bay, na jina likasomwa la Nasimiyu, wa kupokea wageni mlangoni mwa mkahawa. Zawadi ni siku tatu kwa watu wanne kwenye bustani ya michezo kule ufuoni, ile yenye hoteli ndani yake. Chakula cha jioni kimo. Walipopiga makofi na mimi nikapiga. Sijali walionaje.

Jumanne, 9 Desemba

Fomu imekuja kwenye simu. Chagua saa ya chakula: saa kumi na moja jioni au saa mbili usiku. Grace anacheka, ati nani anakula saa kumi na moja akiwa likizo, hiyo ni saa ya wagonjwa wa wodi. Grace hajui kitu. Miaka saba nimesimama mlangoni, ninaijua saa kumi na moja. Chakula ndiyo kwanza kimetolewa, hakuna aliyechokora wali. Wahudumu bado wana miguu na tabasamu ni lao wenyewe. Halafu saa mbili, wengine wakienda kula, foleni za michezo zinabaki tupu na wewe umeshiba. Wageni wangu wajanja wote huja mapema. Nimebonyeza saa kumi na moja, siku zote tatu.

Kuna sababu nyingine na ndiyo kubwa. Mama alipika katika shule ya wavulana tangu nikiwa mdogo mpaka alipostaafu. Sufuria za kuingia mtu mzima. Alikula wa mwisho, amesimama, kutoka kwenye mwiko. Sijawahi kumwona akiketi na kuletewa chakula. Safari hii ataketi na ataletewa. Mengine yote kwangu ni mapambo.

Baadaye kidogo. Nimeshtuka nikiwa bafuni. Fomu moja, meza moja, majina manne. Mimi ninayewapangia watu meza kila siku ya Mungu nimemkalisha mama yangu uso kwa uso na mkwe wake.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepiga simu kuomba meza mbili. Msichana wa mkahawa akajibu kwa adabu: tiketi moja, meza moja. Hata mimi ningejibu hivyo. Akauliza kwa nini nataka mbili. Nikasema mume wangu atachelewa kazini. Uongo. Niliona haya kumweleza mambo ya kwetu, kichwani nilishamsikia akicheka kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo mpango ni huu. Meza ni yetu kuanzia saa kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu. Mama anakula dakika arobaini na tano za kwanza, anatoka na Neema, Wafula anaingia. Nimemweleza Wafula, akasema sawa na kuendelea kupiga pasi shati lake. Mwanaume huyu nilichagua vizuri.

Mama naye ameuliza kuhusu paa. Hoteli moja si paa moja? Amelifikiria jambo hilo akichambua mchele, akaamua mwenyewe. Paa la hoteli si la mkwe, ni la wageni. Ila vyumba viwe ghorofa tofauti. Nimepata ya pili na ya tano.

Alhamisi, 11 Desemba

Siku nzuri mpaka jioni. Tumetembea makundi mawili, Neema na babake mbele, mimi na Mama nyuma hatua hamsini. Wakisimama, tunasimama. Mlinzi mmoja alituangalia sana. Neema alipanda gari la reli linalopindua watu kichwa chini. Alishuka na papo hapo akadai arudi. Ana roho ya bibi yake.

Saa kumi na moja Mama aliingia mkahawani na gauni lake la Pasaka. Mhudumu akamvutia kiti. Mama akamshukuru, lakini hakuketi. Alitaka kwanza kuona chakula. Akapita kwenye kila meza, akainama juu ya kila sufuria, akauliza huu wali umepikwa kwa mafuta gani na hizi dengu zimelowekwa tangu lini. Mpishi mmoja akamjibu swali kwa swali. Mpishi kwa mpishi. Nilisimama pembeni nikiwa na raha tele, na nikasahau saa. Mimi, wa saa.

Wafula aliingia dakika ileile tuliyopatana. Walikutana kwenye wali.

Mama aliweka sahani chini, akavuta leso usoni, akatoka kwa mlango wa kwanza aliouona. Ulikuwa wa jikoni. Wafula aliganda na kijiko mkononi, kisha akatoka kwa mlango mwingine. Nilibaki mezani na Neema, ambaye alikula keki tatu. Watu walitutazama. Niliwachukia wote, hata mtoto wa meza ya pili.

Mama amelala bila kula. Wafula pia. Kosa ni langu, saa ni kazi yangu.

Ijumaa, 12 Desemba

Asubuhi Wafula amesema hatakanyaga tena mkahawani. Mama ale kwa nafasi, yeye atapata chapati na chai ya karak, ile nzito ya maziwa, kwenye kibanda cha getini. Nilikataa. Akasema, "Mama Neema, mimi ni mtu mzima, chapati haiui." Nikakubali, kwa sababu nilitaka Mama aketi. Ninaandika ukweli: nilimtoa mume wangu ili nipate ninachokitaka.

Saa kumi na moja Mama aliketi. Kitambaa mapajani, mgongo wima. Nilikuwa nimeomba tuletewe kila kitu mezani, na supu ikaletwa. Nililiona lile nililolingoja maisha yangu yote, mtu akiinama kumwekea mama yangu bakuli. Akachota kijiko cha kwanza. "Kukhu," akasema Neema, ndivyo anavyomwita bibi yake, "unajua Baba anakula chapati kwenye benchi karibu na choo?"

Mama akarudisha kijiko. Hakupandisha sauti. "Nasimiyu, mkwe wangu anakula njiani kama mtu asiye na watu, na mimi niko hapa na kitambaa?" Akakikunja kitambaa mara nne, akakilaza kando ya bakuli. Kumwona akila ni aibu, alisema, lakini kumlaza njaa ni aibu kubwa zaidi. Akainuka.

Nimelia chooni. Kwa hasira, si kwa huzuni. Jioni mbili nimezimwaga. Hawa wawili kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa heshima, na chakula kinarudi jikoni.

Halafu nikatoka nikamkuta Wafula kwenye benchi, nikaketi naye. Chapati yenyewe ilikuwa baridi. Nikamwambia kesho nitasema ukweli kwa wenye mkahawa, wakicheka wacheke. Akaniambia nimekawia.

Jumamosi, 13 Desemba

Ninaandika haraka, nisisahau chochote.

Saa tisa alasiri nilienda mkahawani. Ninaijua saa tisa: vitambaa vinakunjwa, hakuna mgeni, msimamizi ana muda. Huyu anaitwa Samir, Mwarabu wa makamo mwenye masharubu yenye mvi. Nikamweleza yote, Kiingereza changu cha kazini na Kiarabu changu cha kuokoteza. Mama hali na mkwe. Wanaheshimiana. Nilidanganya kuhusu kuchelewa kazini, na mimi mwenyewe ni wa kupokea wageni mlangoni. Nikangoja acheke.

Aliweka kalamu chini. Akasema bibi yake mzaa mama hakuwahi kuonekana akila na mwanaume asiye wa nyumba yake mpaka anazikwa. Akasema wakati anaanza kazi hapa, mkahawa usio na vizuizi vya mbao vya kutenga familia haukupata mteja. Anavyo sita stoo. Kisha akanikemea kidogo. "Madam, wewe ni mtu wa mlangoni kama mimi. Watu wa mlangoni hawadanganyani." Nilistahili.

Akaongeza jambo lililonifurahisha mpaka nikacheka peke yangu kwenye lifti. Ningekuwa nimechagua saa mbili, asingenipa hata kiti cha ziada. Ukumbi unajaa mpaka ukutani. Lakini saa kumi na moja nusu ya meza ni tupu, nipange nitakavyo. Grace atalisikia hili. Nitalirudia mara mbili.

Basi. Meza mbili, tiketi moja, kizuizi cha mbao katikati. Nilikipima mwenyewe nikiwa nimeketi kila upande, hakuna jicho linalopita. Mama na Neema upande wa dirisha. Wafula upande wa ukuta, akiingilia mlango wa nje. Mimi kwenye pembe, ninawaona wote wawili. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha tu walipoketi.

Mama alijua yuko pale. Nilimwambia kabla, sikutaka uongo mwingine. Alikitazama kizuizi muda mrefu, akakigusa kwa kidole kama anayepima ukavu wa kuni. Akaniuliza ni nani aliyetoa wazo hili. Nikasema Mwarabu msimamizi, kwao pia heshima hii iko. Akaitikia kwa kichwa polepole. Akaketi.

Supu ikaja. Akainywa yote. Mkate ukaja, samaki akaja. Mhudumu alipotaka kuondoa sahani, Mama alianza kuinuka amsaidie. Nikamshika goti chini ya meza. Akaketi tena. Mara mbili ilitokea hivyo, mara ya tatu aliacha mikono yake mapajani na kumtazama kijana akifanya kazi, na akamwambia asante kwa Kiswahili.

Kisha kuku. Mama aligeuza vipande kwa uma, vyote, mpaka chini. Anatafuta firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanaume unayemheshimu, mgeni akipikiwa kuku bila kuiona anajua hakukaribishwa. Hakuna. Kuku gani hawa, akanong'ona, wamezaliwa bila firigisi? Akachagua paja kubwa kuliko yote, akaliweka kwenye sahani safi, akapangusa ukingo wa sahani kwa kitambaa. "Neema, mpelekee baba yako. Mwambie huku hawana firigisi. Anisamehe."

Neema akazunguka kizuizi na sahani mikono miwili.

Niligeukia upande wa pili. Nilimwona Wafula. Alikuwa amesimama kupokea, mtu mzima, amesimama mbele ya mtoto wa miaka tisa kama yuko mbele ya askofu. Akaketi. Akala kidogo. Kisha akasema, kwa Neema lakini kwa sauti ya kumfikia Mama, "Mwambie Kukhu kuku ni mtamu. Mwambie nimeshiba."

Mama alicheka. Alifunika mdomo, lakini alicheka, na Wafula alimsikia. Miaka kumi.

Meza ya jirani, familia ya Kiarabu na nyanya yao, wakamwita Samir na kuomba kizuizi nao. Samir akanitazama kwa mbali. Nikainua kidevu. Miaka yote nimekuwa nikificha mambo ya kwetu, kumbe ni mambo ya watu wengi.

Mama aliketi mpaka chai ya mwisho. Saa nzima na robo. Nilihesabu, ni kazi yangu.

Saa mbili kila mtu alikuwa ameenda kula. Neema alipanda gari la reli mara tatu bila foleni.

Jumatano, 17 Desemba

Wamesafiri mchana. Nimewasindikiza kwa teksi, Wafula alikuwa kazini. Neema alilia kidogo, mimi zaidi. Mama hakulia. Alinishika kiwiko pale wanapokagua mizigo, akasema, "Uliniketisha." Akageuka akaenda.

Nimerudi saa kumi. Nyumba kubwa ghafla. Jana alinituma nimtafutie kuku mzima, mwenye vya ndani vyake vyote. Nilizunguka mpaka Al Wakrah. Sikumuuliza wa nini, nilidhani anataka kula vya nyumbani kabla ya ndege.

Sufuria iko juu ya jiko, imefunikwa kwa sahani. Alipika alfajiri kwa Grace, akaipandisha hapa kabla hatujatoka. Kando kuna kibakuli kidogo, nacho kimefunikwa.

Wafula aliomba ruhusa, akafika mapema kuliko siku zote. Akafunua sufuria. Akafunua kibakuli. Ilikuwa firigisi. Kisha akanawa mikono, akaketi meza ya jikoni, kiti cha Mama.

Nikampashia moto. Nikamwekea ugali. Firigisi aliila mwisho, polepole. Niliketi naye.

Ilikuwa saa kumi na moja kamili.