Kengele ya tembo mbele ya jopo

Jumatano, Tarime

Naandika haya kwa furaha. Leo nimewasilisha mradi wangu chuoni mbele ya walimu watatu na mama mmoja mkulima wa Nyambureti: kengele inayolia tembo akigusa waya uliozungushiwa shamba.

Walimu waliuliza kuhusu betri na mvua, nikajibu. Kisha yule mama akasema, "Mwanangu, kengele iko shambani, mimi nimelala nyumbani. Nitaisikiaje?"

"Hilo sikulifikiria, mama."

Nikajua nimefeli.

"Basi ilete ilie nyumbani kwangu," akasema. "Njoo mapema, mahindi yameshaanza kubeba."

Walimu wakakubali nikaifunge kwake. Jumamosi nakwenda. Waya mrefu wa kutoka shambani hadi nyumbani kwake nitautoa wapi, sijui, lakini nakwenda.