Kumrudisha Mjomba Likoni

Likoni, 2 Mei 1961

Binamu yangu Badi,

Barua yako ya kutoka Tanga nimeipata. Sisi hatujambo. Bado niko mafunzoni, kazi ya kuwarudisha wagonjwa makwao; kufunga mikanda ya machela nimekwisha kujua.

Jana tulimtoa baba yako hospitali, tukavuka naye kwa feri. Daktari amesema ugonjwa wake hauna dawa, lakini sisi wabebaji tumekatazwa kumwambia mgonjwa habari zake. Njiani akaniuliza, "Rama, nimepona?"

Nikamjibu, "Mjomba, nimeagizwa nikufikishe nyumbani."

Akafurahi mno. Sasa anaandaa karamu ya shukrani, Ijumaa ya wiki ijayo, na anataka niketi ubavuni pake. Siwezi kukataa, wala siwezi kusema.

Njoo, Badi. Wewe hujakatazwa.

Nduguyo,
Rama