Komeo ya Remorki Yangu

Mujukuu wangu Neema,

Jambo huko Kisangani. Siye tuko muzima; magoti tu ndiyo inalalamika.

Unauliza uanze na nini mu remorki yako ya kufunga, ile gari itakuwa inakokota. Wakati ya vita nilinunua yangu ya bati, ya kupeleka maharagi Mambasa. Nilikuwa ndani napigilia etajeri, mbao za kupangia mizigo, masasi ikalia. Majirani wote wakaingia, pasta na mbuzi yake pia. Mulango ukajipiga, komeo ya inje ikaanguka, ikatufungia ndani. Masasi ilinyamaza, siye tukabakia tunabanana, mbuzi inakula kofia ya pasta.

Bibi yangu wa ndoa akatoka mu nyumba, akakuja kufungua. Akasema, "Muzee, hii ndiyo maharagi yako?"

Majirani wale, wenye vita ilikuwa imewakataza kusalimiana, walitoka wanashikana, wanacheka.

Weka komeo ya ndani kwanza. Etajeri itangoja.

Miye babu, koko yako